Kuishi na kujiburudisha Fukuoka ukiwa mwanafunzi wa lugha ya Kijapani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaojiandaa kwenda kusoma katika shule ya lugha mjini Fukuoka, kisiwani Kyushu, kusini magharibi mwa Japani, na kwa wale waliofika majuzi ambao bado wanalala na koti. Habari za ada, viza na mitihani ya kujiunga hazimo humu. Ninayoulizwa zaidi ni ya baada ya darasa: mtu hula nini, huenda wapi Jumapili, na huzungumza na nani.

Kwa nini Fukuoka, wakati kila mtu anaijua Tokyo?

Fukuoka ni jiji la watu zaidi ya milioni 1.6, lakini ni jiji ambalo mtu mwenye baiskeli anaweza kulizunguka bila kuchoka sana. Uwanja wa ndege uko dakika tano tu kwa treni ya chini ya ardhi kutoka kituo kikuu cha Hakata, na ufuo wa bahari uko ndani ya jiji lenyewe. Chumba cha mwanafunzi, kidogo na kikuukuu kiasi, hupatikana kwa takriban yen 30,000 hadi 45,000 kwa mwezi, fedha ambazo Tokyo zingekusukuma mbali sana na katikati ya mji.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi kabla ya kusafiri. Darasani utafundishwa Kijapani sanifu, lakini mzee anayeuza samaki atakusemesha kwa lahaja ya Hakata, mtaa wa kale wa jiji, ambamo neno la "vizuri" ni *yoka* badala ya *ii* la kitabuni, na maswali mengi huishia kwa *to*. Msemaji wa Kiswahili hapaswi kushtuka. Aliyesoma Kiswahili cha shule kisha akashukia Lamu au Mombasa anaijua hali hiyo, na anajua pia kwamba wenyeji hufurahi mgeni anapojaribu neno moja la kwao.

Siku ya kawaida ya mwanafunzi ikoje?

Shule nyingi za lugha huwagawa wanafunzi katika zamu mbili. Zamu ya asubuhi huanza yapata saa tatu na kumalizika saa sita na nusu. Ya mchana huanza baada ya saa saba na kumalizika kabla ya saa kumi na moja. Kwa jumla ni kama vipindi ishirini kwa wiki, kila kimoja cha dakika 45, na karibu kila siku kuna jaribio dogo la kanji, yaani herufi zile zenye asili ya China. Wanafunzi wenzako watakuwa zaidi Wanepali, Wavietnam, Wachina, Wamyanmar na Wasri Lanka, na huenda ukawa Mwafrika peke yako katika chumba kizima.

Hesabu hiyo inamaanisha kwamba nusu ya siku ni mali yako. Kwa maoni yangu, na nimeyashikilia tangu mwaka wangu wa kwanza, nusu hiyo ndiyo itakayoamua kama utakisema Kijapani au utakisoma tu. Niliona wanafunzi wenye alama nzuri kuliko zangu walioshindwa kumuuliza kinyozi apunguze nywele kiasi gani, kwa sababu walitoka darasani wakaenda vyumbani, na vyumbani walizungumza lugha za kwao. Maswali yanayofuata karibu yote yanahusu namna ya kuitumia nusu hiyo, na namna ya kuzuia isiliwe na mambo mengine.

Siku za mwanzo nitahangaika na nini?

Utapewa kadi ya ukaazi uwanjani siku ya kuingia. Ukishapata makao, una siku 14 za kwenda ofisi ya kata kuandikisha anwani, na hapohapo utajiunga na bima ya afya ya taifa. Aliyefikisha umri wa miaka 20 huandikishwa pia katika mfuko wa pensheni. Omba fomu ya kusamehewa malipo siku hiyohiyo, maana barua za madai zikianza kuja huwa hazichoki. Baada ya hapo ni namba ya simu na akaunti ya benki, ambazo kila moja huitaka nyingine iwe ya kwanza. Wengi huanzia benki ya posta.

Kwa nini kila mtu ananionya kuhusu taka?

Kwa sababu taka ndizo zitakazokutambulisha kwa majirani kabla hujajitambulisha mwenyewe. Fukuoka hutumia mifuko maalumu ya jiji inayouzwa madukani: mwekundu kwa taka zinazochomwa, wa buluu kwa zisizochomwa, na wa manjano kwa chupa za kioo na za plastiki. Taka za kuchomwa huzolewa mara mbili kwa wiki, hizo nyingine mara moja tu kwa mwezi. Tofauti na miji mingi ya Japani, Fukuoka huzoa taka usiku, kwa hiyo mifuko hutolewa nje baada ya jua kuchwa na kabla ya saa sita ya usiku, si asubuhi.

Mwezi wangu wa kwanza nilitia sufuria iliyotoboka katika mfuko mwekundu. Magari yalipita, mfuko wangu ukaachwa peke yake pembeni ukiwa na karatasi ya onyo, na bibi wa nyumba ya jirani akanisubiri asubuhi. Hakunigombeza. Alinitolea kalenda ya taka, akaipitia nami mstari kwa mstari kwa muda wa nusu saa, na hilo likawa somo langu la kwanza la Kijapani nje ya shule. Tangu siku hiyo alinisalimu kila nilipopita, nami nikawa na mtu wa kuzungumza naye habari za mvua.

Nitakula nini, na ugali utapatikana?

Mtu wa pwani hatapata tabu kama anavyodhani. Wali upo kila mahali, ingawa mchele wao hushikamana na hauchambuki kama wetu. Samaki ni wengi na wazuri. Pweza na ngisi ni chakula cha kawaida. Dagaa wakavu huuzwa katika kila duka kubwa kwa jina la *niboshi* au *iriko*. Wajapani huwachemsha kutengenezea supu, na watashangaa ukiwaambia kwamba kwetu dagaa wenyewe ndio kitoweo. Bamia huuzwa wakati wa joto na huitwa *okura*. Kuna *satoimo*, ambayo ni jamii ya magimbi, na wakati wa baridi viazi vitamu vya kuchoma huuzwa milangoni mwa maduka, vikiwa vya moto kiasi cha kupasha mikono.

Unga wa mahindi wa sembe hauko katika maduka ya kawaida. Hutafutwa katika maduka ya vyakula halali au ya vyakula vya nje, na wengine husongea unga wa mchele au semolina wakiridhika nusu. Ninawashauri wageni wasibebe kilo kumi za unga katika sanduku. Wabebe viungo, kwa maana pilipili manga utaipata ila iliki nzuri na bizari ya pilau ni ghali.

Bei ya chakula hutegemea saa unayoingia dukani. Kuanzia jioni wafanyakazi wa maduka makubwa hupita wakibandika vibandiko vya punguzo kwenye samaki, sushi na vyakula vilivyopikwa, kwanza asilimia ishirini, kisha nusu bei. Wanafunzi wote wanaijua saa ya duka la mtaani kwao, na utawakuta wakizungukazunguka karibu na rafu kama watu waliosahau walichokuja kununua.

Sasa suala la nguruwe. Chakula kinachoipa Fukuoka sifa ni tambi za *ramen* za Hakata, na mchuzi wake mweupe hutokana na mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi. Asiyekula nguruwe hawezi kuondoa nyama juu ya bakuli akaendelea, kwa sababu mchuzi wenyewe ndio nguruwe. Jifunzeni mapema herufi 豚, ambayo ni nguruwe, na 酒, ambayo ni pombe, kwa kuwa mvinyo wa kupikia hutiwa hata katika vyakula visivyotiliwa shaka. Kwa anayekula, ramen ni chakula cha mwanafunzi hasa: bakuli moja, na ukimaliza tambi huku mchuzi ukiwa umebaki, unaagiza *kaedama*, yaani tambi za nyongeza kwa bei ndogo. Wengine watoshelezwe na *udon* nene za ngano, ambazo watu wa Hakata wanadai zilianzia kwao, wakiuliza kwanza kuhusu mchuzi na nyama inayowekwa juu.

Je, nitaweza kufanya kazi huku nikisoma?

Utaweza, kwa kibali. Mwenye viza ya masomo huomba ruhusa ya shughuli za ziada, na wengi huiomba uwanja wa ndege siku ya kuingia. Ruhusa hiyo ina kikomo cha saa 28 kwa wiki, na saa hizo huhesabiwa kwa kuanzia siku yoyote ile, si Jumatatu peke yake, na ukiwa na kazi mbili hujumlishwa. Wakati wa likizo ndefu za shule kikomo hupanda hadi saa nane kwa siku. Kazi katika vilabu vya starehe na kumbi za kamari za *pachinko* hazikubaliki kabisa, hata kama kazi yako ni kufagia.

Kima cha chini cha mshahara katika mkoa wa Fukuoka kilikuwa yen 992 kwa saa kuanzia Oktoba 2024. Saa 28 kwa kiwango hicho ni chini kidogo ya yen 27,800 kwa wiki. Fedha hizo zinavutia kwa aliyetoka na deni la nauli, ndiyo maana wengi huzichukua saa 28 kama lengo badala ya mpaka. Mimi nilifanya hivyo kwa miezi mitano katika ghala, zamu ya usiku, nikipanga masanduku pamoja na watu waliokatazwa kuongea kazini. Nililipa kodi vizuri, lakini nilisinzia darasani, mahudhurio yangu yakashuka, na mahudhurio yakishuka kuongezewa muda wa viza huwa mashaka. Nilipohamia kazi ya mgahawani yenye saa chache zaidi, fedha zilipungua na Kijapani kikaongezeka, kwa kuwa mgahawani lazima useme. Anayeweza kuchagua achague kazi yenye watu wa kusemesha, hata ikilipa kidogo.

Usafiri wa kila siku ni wa namna gani?

Ni baiskeli. Treni za chini ya ardhi zina njia tatu na hazichelewi, na kadi moja ya kugusisha hulipia treni, basi na hata maji dukani, lakini nauli za kila siku hujumlika. Baiskeli ya mitumba hulipwa kwa miezi michache ya nauli hizo. Iandikishe kwa jina lako ulipoinunua, kwa sababu polisi husimamisha watu na kulinganisha namba, na baiskeli uliyopewa na rafiki bila karatasi itakugharimu mchana mzima wa maelezo kituoni. Mkoa unataka pia mwenye baiskeli awe na bima.

Wajapani huendesha upande wa kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda, hivyo hapo hutapotea. Utapotea kwenye mazoea mengine: kushika mwavuli huku ukiendesha ni kosa, kupakia mtu mzima nyuma ni kosa, na tangu Novemba 2024 kutumia simu ukiwa unaendesha kunaweza kukutia kifungo cha hadi miezi sita au faini ya hadi yen 100,000. Usiegeshe mbele ya kituo cha Tenjin, mtaa wa maduka katikati ya jiji, nje ya sehemu zilizotengwa. Itachukuliwa, na utaifuata mbali kwa kulipa.

Jioni na mwisho wa wiki, mtu asiye na fedha nyingi hujiburudisha wapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Anzieni bustani ya Ohori, katikati ya jiji, yenye ziwa ambalo njia inayolizunguka ni ya kama kilomita mbili. Jioni watu hukimbia, hutembeza mbwa, hupiga vinanda, na wazee hukaa kwenye mabenchi wakiwa na muda wa kuzungumza. Jirani yake ni magofu ya ngome ya Fukuoka katika bustani ya Maizuru, ambako mwishoni mwa Machi micheri huchanua na jiji zima hutandika mikeka chini yake. Kijana wa shule huhitaji mkeka, chakula cha kubeba, na ujasiri wa kukubali mwaliko wa kundi la jirani, ambao kwa kawaida hutolewa.

Kisiwa cha Nokonoshima kiko dakika kumi kwa feri kutoka gati la Meinohama. Huko hakuna haraka. Kuna bustani ya maua kileleni, na ukikaa juu unauona mji wote ng'ambo ya maji. Kwa mtu aliyezoea kuvuka Kigamboni au Likoni, feri yenyewe ni dawa ya moyo, ingawa itakusikitisha kwa utulivu wake: hakuna anayesukumana wala anayeuza karanga.

Maktaba kuu ya jiji iko Momochi, karibu na ufuo. Uanachama ni bure, ina ukumbi wa kuonyeshea filamu, na sehemu ya vitabu vya watoto ni hazina kwa mwanafunzi, kwa kuwa vitabu hivyo huweka herufi ndogo za matamshi juu ya kila kanji. Mtu mzima wa miaka 25 anayesoma kisa cha sungura hatazamwi na mtu.

Karaoke ya Japani haifanani na ile ya baa ya kwetu, ambapo mmoja huimba mbele ya ukumbi mzima. Hapa mnakodi chumba chenu, na mchana wa siku za kazi bei hushuka sana. Mwalimu wangu mmoja alisema kwamba wimbo mmoja uliokaririwa unafaa kuliko kurasa kumi za sarufi, na kwa irabu ndefu nakubaliana naye, kwa sababu wimbo haukuruhusu kuifupisha irabu iliyo ndefu.

Vibanda vya *yatai* hufunguliwa jioni kandokando ya mto huko Nakasu na kwenye barabara za Tenjin. Kila kibanda kina viti vichache, bega kwa bega, na haiwezekani kukaa kimya. Si chakula cha bei nafuu kama kinavyoonekana, kwa hiyo uliza bei kwanza, agiza sahani moja, usikalie kiti kwa saa mbili. Aliyekulia karibu na Forodhani atahisi ukaribu fulani katika moshi na taa, hadi atakapogundua kwamba karibu kila meza ina bia.

Bafu za umma, *sento*, na chemchemi za maji moto, *onsen*, ni burudani kuu ya Kyushu. Unaoga na kujisugua kwanza ukiwa umekaa, kisha ndipo unaingia katika bwawa, na unaingia bila nguo yoyote, wanaume kwao na wanawake kwao. Mwenye michoro ya mwilini huenda akakataliwa. Anayechunga sitara asikate tamaa, kwani sehemu nyingi za Kyushu hukodisha vyumba vya kuogea vya familia, vyenye mlango wa kufunga.

Halafu kuna siku zisizofanana na nyingine. Kuanzia tarehe 1 hadi 15 Julai mtaa wa Hakata huwa na sherehe ya Yamakasa, na siku ya mwisho, saa kumi na dakika 59 za alfajiri, makundi ya wanaume huanza kupokezana mabegani minara ya mbao yenye uzito wa kama tani moja na kukimbia nayo kilomita tano huku wakimwagiwa maji. Sherehe hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2016 pamoja na nyingine 32 za aina yake. Msilale usiku huo. Kaeni njiani tangu saa tisa. Novemba huja mashindano ya sumo ya siku 15, na tiketi za viti vya juu kabisa si ghali. Na mtihani wa kupima kiwango cha Kijapani, ambao hufanyika Julai na Desemba, ukikaribia, panda treni kutoka Tenjin hadi Dazaifu, kwenye hekalu ambako wanafunzi wa Japani nzima huenda kuomba kufaulu. Usipoomba, keki za mchele za huko zinatosha kuwa sababu ya safari.

Ni kweli kwamba watu wa Fukuoka wanaijua Afrika Mashariki?

Wanaojua riadha wanaijua vizuri. Juma Ikangaa wa Tanzania alishindwa kwa sekunde tatu tu na Toshihiko Seko katika mbio za marathoni za Fukuoka mwaka 1983, akarudi kushinda mwaka 1986. Samuel Wanjiru wa Kenya alikuja Japani akiwa kijana wa miaka 15 kusoma sekondari Sendai, kisha akajiunga na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu, hapahapa mkoani. Alikisema Kijapani kwa ufasaha. Marathoni yake ya kwanza maishani aliikimbia Fukuoka, Desemba 2007, akaishinda kwa saa 2:06:39, na miezi minane baadaye akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing. Mbio zile za zamani zilifungwa mwaka 2021 na zikaanzishwa upya kwa sura nyingine mwaka uliofuata.

Hasara yake ni kwamba utaulizwa kila mahali kama unakimbia. Nilikuwa nikikataa, baadaye nilijiunga na wazee wanaokimbia Ohori kila Jumamosi, nikawa wa mwisho kila mara, na hakuna kundi lililonifundisha Kijapani zaidi ya hilo.

Je, Kiswahili kinanisaidia chochote katika Kijapani?

Kinasaidia kuliko unavyotarajia. Irabu ni tano na ni zilezile zetu, na silabi karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo mwalimu atakusifu matamshi wiki ya kwanza. Usivimbe kichwa. Urefu wa irabu hubadilisha maana: *obasan* ni shangazi au mama wa makamo, *obaasan* ni bibi kizee, na kuyachanganya mbele ya mhusika si jambo dogo.

Msaada mkubwa uko katika adabu. Ukifika nyumbani kwa mtu, unasema *ojama shimasu* kabla ya kuvua viatu, na moyoni mwako unajua umepiga hodi. Mwenzako akimaliza kazi, unamwambia *otsukaresama*, nayo ni pole na kazi, bila kupungua wala kuzidi. Mgonjwa huambiwa *odaiji ni*, ambayo ni ugua pole. Wanafunzi wa lugha nyingine darasani mwangu walihangaika kuuliza maneno hayo yana maana gani hasa, na kwa nini mtu apewe pole kwa kazi anayolipwa, wakati mimi nilikuwa nimeyabeba kutoka nyumbani.

Kuna pia ya kuchekesha. Simu hupokelewa kwa *moshi moshi*, na mtu wa Kilimanjaro huitika kwa furaha. Kuhusu jina la jiji kubwa lililo kusini ya Fukuoka, na neno la Kijapani la dubu lililomo ndani yake, naomba msomaji aangalie ramani mwenyewe, awe peke yake, kisha ajizoeze kulitamka bila kucheka kabla hajasafiri na wenyeji.

Nitasali wapi?

Msikiti wa Fukuoka ulifunguliwa mwaka 2009 huko Hakozaki, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni, na Ijumaa hukusanya Waislamu wa mataifa mengi. Kibla ni magharibi, kikiinamia kidogo kaskazini, jambo la kukumbuka kwa aliyezoea kuelekea kaskazini. Wakatoliki wana kanisa la Daimyomachi, karibu na Tenjin, ambalo lina misa ya Kiingereza.

Baridi ikoje, na nikiumwa au ardhi ikitikisika?

Theluji ni nadra, lakini usiku wa Januari joto hushuka hadi nyuzi 3 au 4, na nyumba za bei nafuu hazina kuta nene. Baridi ya Fukuoka inakusubiri ndani, si nje. Nunueni *kotatsu* iliyotumika, meza fupi yenye kipasha joto chini na blanketi pembeni, na mtaelewa kwa nini Wajapani hawatoki chini yake. Juni na Julai ni mvua mfululizo. Agosti na Septemba kunaweza kuja tufani, na shule hufungwa kwa siku moja.

Bima ya taifa hulipia asilimia 70 ya matibabu, nawe hulipa 30. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 119 na halilipiwi. Polisi ni 110. Tetemeko kubwa lilipiga Fukuoka tarehe 20 Machi 2005. Likija jingine, simu yako italia kwa mlio wa kutisha sekunde chache kabla ya mtikisiko. Ingia chini ya meza, usikimbilie nje.

Nywele zangu?

Suka kabla ya kusafiri, na njoo na mafuta yako. Vinyozi wengi wa hapa hawajawahi kushika nywele zetu na watakuambia hivyo kwa heshima.

Nitapiga simu nyumbani saa ngapi, na upweke utakuwaje?

Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na hapo kuna jambo ambalo lilinifurahisha kuligundua. Kwa kuwa Waswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, namba inayoonyeshwa na mshale wa saa ya Fukuoka ni ileile inayotajwa nyumbani kwa Kiswahili. Saa yangu ya ukutani ikionyesha 9 usiku, Tanga ni saa tisa alasiri. Ikionyesha 11, ni saa kumi na moja jioni na mama ameshaanza kuwasha jiko. Sikuhitaji kuhesabu tena. Nilitazama ukutani nikajua wanafanya nini.

Upweke upo, na huja hasa mwezi wa tatu au wa nne tangu kufika, ugeni ukiisha na lugha bado haijafunguka. Kilichonifaa ni kuwa na siku moja ya simu ndefu kwa wiki, Jumapili, badala ya kupiga kila usiku. Aliyekuwa akipiga kila usiku katika bweni letu alijua bei ya nyanya Mwanza kila siku, na hakujua jina la bibi aliyeishi mlango wa pili.